Mama Thacienne na Picha za Maji ya Dodo

Tarehe 31 Desemba 1999, Mama Thacienne Kabatesi anastaafu baada ya kufanya kazi miaka ishirini na mitano katika chumba cha picha cha kituo chetu cha sanaa hapa Gisenyi. Anaondoka na afya njema na sauti ileile inayosikika hadi barabarani.

Kwa muda mrefu alisafisha picha kwa dawa kama mafundi wote. Maji yaliyotumika yalikwenda mferejini, na mfereji ulikwenda ziwani. Siku moja mwaka 1997 aliwaona wanawake wakiosha sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, palepale mfereji unapoishia. Alirudi na ndoo ya dawa, akaiweka juu ya meza ya mkuu wetu, Bwana Kagabo, akatangaza kwamba yeye hamwagi tena. Bwana Kagabo si mwepesi wa kukasirika, ila akianza hamalizi leo. Alimwambia atafute njia nyingine, la sivyo chumba kitageuzwa stoo ya saruji.

Njia ilitoka sokoni. Alitwanga mchicha, huu tunaouita dodo, akapaka maji yake kwenye karatasi, akalaza juu yake jani, kipande cha wavu au umbo la mtu lililokatwa kwenye katoni, kisha akaanika. Palipopigwa na jua palipauka, palipofunikwa pakabaki kijani. Picha moja ilichukua siku kadhaa. Mpishi wetu alinung'unika kwamba mboga zinaishia ukutani.

Machi mwaka huu walikuja wageni, na maoni yao ndiyo yangeamua kama chumba kitabaki. Sebagabo, mtunza ukumbi, kwa nia njema kabisa, alitundika picha uani siku tatu kabla ili zipate mwanga. Picha hizi hazina dawa ya kuzikamatisha, basi jua likaendelea kuzila. Siku yenyewe ilipofika, nusu zilikuwa karatasi tupu. Mama Thacienne alimgombeza, akalia kidogo, kisha akaazima vitenge vya wanawake wote wa kituo, akafunika zilizosalia ndani ya ukumbi. Kila mgeni alifunua, akatazama, akafunika.

Nyiramana, muuza sambaza wa getini, alifunua kitenge akajiona mwenyewe na kikapu chake kichwani. Alipiga kelele: "Njo mi huyu! Mama Thacienne, ulinitoa mu dodo?" Ukumbi mzima ulicheka, na wageni wakaomba kutengenezewa za kwao. Saruji ikatafutiwa mahali pengine.

Mama Thacienne, asante sana. Tunakuombea mapumziko marefu yenye furaha. Tumekutengenezea picha yako kwa maji ya dodo. Tafadhali usiifunike. Itundike sebuleni, penye jua kali. Ikifutika itabidi urudi hapa, ukae tukukate umbo upya, nasi tunaomba ifutike haraka.