Bi Kata, Mtoto wa Fundi Cherehani

Alhamisi asubuhi, tarehe 4 Mei 2023, marehemu mke wangu alikuwa jikoni akikariri maneno ya filamu. Mimi nilimshikia karatasi.

"Mzee, umeishika miguu juu," akasema.

Sijui kusoma, na hilo alilijua tangu uchumba. Tulicheka hadi chai ikapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mama fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nne. Mengine alijifunzia chini ya meza ya mama yake, akiokota vitambaa.

Mwaka 1959 watu wa filamu walitafuta mtoto anayejua kushika mkasi. Akapatikana yeye. Kazi yake ilikuwa kuuinua mkasi juu ya gauni la bibi harusi, basi. Mwongozaji akapaza sauti, "Kata!" Alitaka kamera isimame. Lakini mtoto wa fundi akiambiwa kata, anakata. Na gauni lilikuwa hilo hilo moja.

"Nani kaniletea balaa hili? Mrudisheni kwao!"

"Sirudi," akasema mtoto. "Nipeni sindano."

Alishona palepale, wakubwa wamemzunguka. Mwongozaji alitafuta mshono asiuone. Picha ikapigwa upya, na jina la Kata likamganda.

Aliigiza filamu nne za utotoni. Alipotimiza miaka kumi na minne wakamwambia amerefuka, si mtoto wala si mtu mzima. Akarudi kushona, ila kila Jumatatu alikuwa langoni pa studio.

"Binti, huchoki?" mlinzi alimwuliza.

"Ukichoka wewe, nitakushikia lango."

Miaka mitano hivyo. Mwaka 1970 mwongozaji yuleyule, sasa ana mvi, alimkuta pale akampa nafasi ya mhusika mkuu. Filamu hiyo ilijaza kumbi, nayo ikampa tuzo.

Mimi nilikuwa seremala wa studio. Nilimjengea ngazi ya kuigizia, akaitikisa.

"Itanibeba hii?"

"Wewe na mumeo."

"Yupi?"

Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Daktari alimwagiza apumzike. Akakubali Jumapili tu. Mchana wa Alhamisi ile alianguka kazini, tukampeleka hospitali. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja na wajukuu watano. Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.

Jumatatu, siku moja kabla hajafariki, daktari alituambia dawa zimegonga mwamba, tumrudishe nyumbani. Tulidhani amelala. Akafumbua macho, akasema:

"Sirudi. Nipeni sindano, kesho nina kazi."