Najma wa Ruashi na Teke Lisilogusa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, naomba mnisogelee kidogo. Leo tunamkumbuka Najma Zakari, binti wa mtaa wetu wa Ruashi, mcheza breki dansi. Najma alifariki kwa malaria. Narudia, kwa sababu mtaani wanasema mengine: Najma alifariki kwa malaria, si kwa kucheza.

Alichokipenda zaidi ni mateke. Alisimama kwa mkono mmoja, kichwa chini, akarusha mguu juu kama anayetaka kutoboa mabati. Baba yake, Mzee Zakari, fundi cherehani, hakupenda.

"Mutoto mwanamuke kutupa miguu kuyulu, iko haya," alimwambia.

"Basi papa, unishonee pantalon ya nguvu."

Mzee aliishona suruali hiyo, tena kwa mishono miwili.

Siku moja, kwenye mashindano ya dansi kule mtaa wa Hewa Bora, Doudou, bingwa wa hapo, alimcheka mbele ya watu. "Weye, rudia ku jiko. Bukari inaungua." Bukari ni ugali wetu.

"Nitarudia. Utakuya kula?"

Katika mashindano haya, teke humwelekea mpinzani, na anayemkaribia zaidi hushinda, lakini ukimgusa umeshindwa. Najma akashuka kwenye kiganja. Mguu ukaruka, ukakomea kando ya sikio la Doudou, ukatulia hapo hewani. Juzi Doudou mwenyewe aliniambia, "Nilisikia upepo ya kiatu yake. Ni mie nilishindwa."

Najma alifundisha wasichana wa Ruashi mateke hayo uani kwao. Baada ya mazishi, wazazi wakawafungia ndani. Walisema dansi ndiyo imemuua mwalimu. Mama yake Najma, Mama Rabia, aliposikia, alifagia ua, akatandika makartoni ya kuchezea, akapita nyumba kwa nyumba.

"Mutoto yangu aliuliwa na malaria," aliwaambia. "Batoto bakuye kwangu. Muziki hapana, tuko mu kilio. Lakini miguu haina makelele."

Wengine walikataa. Wengine walikuja. Jana nilikuwepo: hakuna wimbo, viganja tu vikigonga kartoni, na miguu ikipanda mmoja baada ya mwingine. Mama Rabia aliketi mkekani, macho mekundu, akiwasahihisha.

Mzee Zakari, Mama Rabia, poleni sana. Mungu amrehemu Najma, naye awatie nguvu.

Nawe mzazi uliyemfungia binti yako, jiulize leo: unamkinga na nini? Mtafutie chandarua. Kisha mfungulie mlango.