Bi Mita, Aliyefungua Takwimu za Maji

Shangazi yetu, ambaye wengi mlimjua kama Bi Mita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi bomba na muuguzi. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari, na mwaka 1978 akahitimu stashahada ya takwimu. Mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa maji, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2017.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na mpiga chapa. Mumewe husimulia kwamba siku ya kwanza alipomkaribisha kwake, bibie alimpita bila neno, akakaza bomba lililokuwa likidondoka, ndipo akamsalimu. Walijaliwa watoto wawili.

Kuanzia 2009 hadi 2012 marehemu alipita nyumba 312, akiwaomba wenyewe wakubali kufungiwa mita za kupima maji yao kila saa. Mkurugenzi wa taasisi alitaka takwimu zile zikae kabatini. Marehemu alishikilia kwamba zilikuwa za watu, na Juni 2013 akaziweka mtandaoni, mtafiti yeyote azitumie bure.

Majina aliyafuta. Mtaa na idadi ya wakazi wa kila nyumba aliviacha. Katika mtaa mmoja aliyeishi peke yake alikuwa mshonaji mmoja tu, na nyumba yake, namba 61 kwenye takwimu, ilitumia maji kama ya watu tisa. Majirani waliozisoma wakamtambua, wakasema anauza maji kwa kificho. Idara ya maji ikamkatia. Marehemu alipokwenda kumwomba radhi, mama yule alimjibu akiwa amesimama mlangoni: “Nilikuruhusu upime maji. Sikukuruhusu unianike.” Mwezi uleule akahama.

Marehemu aliziondoa takwimu, akazisafisha kwa miezi minane, akazirudisha bila mitaa. Nyumbani hakucheka kama zamani.

Mwaka 2019 mwanafunzi wa uhandisi wa nchi ya mbali, aliyezitumia takwimu hizo, aliandika kwamba maji ya namba 61 hayakuwahi kusimama hata saa moja kwa miaka mitatu. Hayo si matumizi, alisema, ni bomba linalovuja. Marehemu aliibana idara mpaka wakachimba, wakalikuta limepasuka. Akachukua barua yao ya kumsafisha mshonaji, akamtafuta miezi mitano. Alimpata binti yake. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti aliipokea barua, akashukuru, akafunga mlango.

Januari 2022 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Akiwa wodini alimwagiza mwanawe aambatishe maelezo kwenye takwimu, kisa chote kama kilivyotokea, kwa maneno yake: “Msizifunge. Ila kabla ya kuzifungua, someni niliyomfanyia mama huyu.” Maelezo hayo yapo hadi leo.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023, saa tisa alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu wanne, kaka mmoja, na sisi wapwa zake.

Apumzike sasa, na amani aliyoikosa miaka hii aipate.