Kaka Yangu Abdulnasir, Tuliyechanjwa Naye kwa Wembe Mmoja

Assalaam alaykum. Haya nimeyaandika mimi Asya, mdogo wake marehemu, na anayenisomea ni ami yetu, Mzee Silima.

Jumapili ya tarehe 8 Agosti 2004, uwanjani kwetu Micheweni tulikuwa wanne: Abdulnasir, mimi, Bakari mtoto wa ami, na marehemu Mzee Kificho, aliyekuwa akiumika watu kwa pembe kuwatoa damu chafu. Nilikuwa na miaka kumi nikiogopa, kwa hiyo kaka alitangulia kuchanjwa ili nione kuwa haiumi, kisha wembe ule ule uliotumika tangu asubuhi ukasuuzwa kwa maji ya moto, ukaja kwangu, na mwisho kwa Bakari. Mzee alikuwa na nia njema, hatumlaumu.

Abdulnasir Soud alizaliwa Micheweni tarehe 3 Machi 1986, akasoma skuli ya hapo hapo hadi mwaka 2003, na mwaka 2006 akaanza kushona kanzu dukani kwa Bwana Jamnadas, Wete. Tarehe 20 Aprili 2012 alimuoa Saada, wakakaa Jadida, wakajaaliwa Hafidh na Mwanabaraka.

Juni 2019 nilijifungua nikapungukiwa damu, kaka akawahi kunitolea yake, ikakataliwa, kwani ilikutwa na kirusi cha homa ya ini aina ya C, kinachoambukizwa kwa damu. Nami nikapimwa, nikaambiwa kiliwahi kuniingia lakini mwili wangu ulikitoa wenyewe. Yeye aliambiwa aende Unguja akaanze vidonge vya miezi mitatu, na ni mimi niliyemwambia, "Kaka, sisi tumbo moja, mimi kimenitoka bila dawa, na wewe kitakutoka." Akacheka, akasema, "Basi n'ngoje zangu."

Alingoja karibu miaka minne. Februari 2023 tumbo lilipojaa maji, daktari alitueleza kwa upole kwamba ndugu wa baba na mama mmoja hawarithi sawa, kuna kitu kidogo katika damu ambacho aliyekirithi, mwili wake mara nyingi hukifukuza kirusi mapema, na aliyekikosa huweza kukaa na kirusi miaka mingi kikila ini kimya kimya. Vidonge alivimeza, kirusi kikaisha, lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Maneno yangu hakunikumbusha hata siku moja.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Jamnadas aliyekiacha cherehani cha kaka pale pale mlangoni penye mwanga bila kumpa mtu mwingine, na jirani yetu Bi Khatoon, aliyempikia uji usio na chumvi kila siku, naye akaunywa huo huo ili asiwe peke yake.

Kaka, nisamehe. Pumzika kwa amani, umetangulia tena.

Bakari alikwenda kupima damu jana.