Mzee Yakobo Aliyesema "Bado"

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni tukae kidogo na jina la mtu mmoja. Yakobo Mwandu, mkulima wa pamba wa Bunda. Amefariki mwanzoni mwa msimu wa kupanda, barabarani, akikimbizwa hospitali Musoma. Narudia, maana ndiko tunakoelekea. Amefariki barabarani.

Kanisani kwake walimwita Mzee Bado. Mnaijua desturi yetu. Mhubiri anataja kitabu, sura na mstari, kisha anasema, ukifika useme amina. Kurasa zinapekuliwa, amina zinaanza kusikika moja moja. Mzee Yakobo alikuwa mzito wa kupekua. Wenzake wakishafika wote, sauti yake nene inatoka benchi la mbele: "Bado, mtumishi." Kanisa zima linacheka, mhubiri anangoja. Pale kanisani halikusomwa neno kabla Mzee Yakobo hajaliona kwa macho yake.

Biblia yake ilikuwa na jalada la kitenge alilolishona mkewe, Mama Wankyo, mzaliwa wa Buswahili kule Butiama. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, kwa kufuata maneno na kidole. Kazi ya kupekua akamwachia mume. "Yeye alikuwa anasomaga kwa ajili yetu wote wawili," ametuambia. "Mimi nilikuwaga nasikiliza tu."

Kisha kisukari kikaingia nyumbani. Kikaanza na macho. Mzee akifungua Biblia, mistari inatembea kama siafu. Akaona aibu kusema, akanyamaza.

Mwaka huohuo akaja mchungaji mpya, Ephraim, kijana mwenye bidii. Alileta projekta, akatundika kitambaa cheupe ukutani, na maandiko yakawa yanatokea hapo. Nani tena abebe Biblia? Watu wakaanza kuja mikono mitupu. Mzee Yakobo alifurahi kuliko wote, na ni yeye aliyemfuata mchungaji baada ya ibada. "Mwanangu, herufi ziongeze ukubwa. Wazee tunapata shida."

Mchungaji akamsikiliza, akaziongeza. Zikawa kubwa hasa, hata mstari mrefu haukuenea tena ukutani kwa mara moja. Ulikatwa. Nusu ilitangulia, nusu ikabaki ndani ya mashine ikisubiri kitufe kibonyezwe.

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Nusu ilisubiri kubonyezwa.

Biblia ya Mzee ikaingia sandukuni, chini ya mablanketi. Jumapili zikapita, na lile neno lake halikusikika tena.

Siku moja mchungaji alihubiri juu ya imani. Ukutani yakatokea maneno ya Yesu, kwamba watu wenye afya hawana haja ya tabibu. Mchungaji akayasoma, akawaka moto. "Wewe umeshaponywa," akasema. "Mzima anamtafuta daktari wa nini?" Watu wakasimama, vigelegele vikapigwa, kinanda kikadakia. Katika shangwe ile kitufe kilisahaulika. Nusu ya pili haikutokea. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyesema bado.

Mzee Yakobo akarudi nyumbani ametulia sana.

Binti yake Rebeka anaishi Kitaji, pale Musoma. Kila mwezi alikuwa akimtumia baba yake dawa za kisukari kwa basi. Dawa ziliendelea kuja, Mzee akaendelea kuzipokea na kushukuru. Rebeka akipiga simu kuuliza hali, anajibiwa, "Mimi ni mzima, mwanangu." Leo Rebeka akiyakumbuka majibu yale, machozi yanamtoka. "Baba hakuwa ananidanganya," anasema. "Alikuwa anaamini kabisa."

Mwili ndio haukuamini. Kiu ikawa haikatiki. Kidonda mguuni kikakataa kufunga. Shati likaanza kumpwaya mabegani, naye akasingizia jua la shambani. Mama Wankyo aliona, akaogopa, lakini alijua dawa zinanywewa. Pakiti si zilikuwa zinafika?

Mvua za kupandia ziliponyesha, mama akafungua debe la mbegu za pamba. Juu ya mbegu palikuwa na pakiti za dawa, zimepangwa vizuri, hazijaguswa.

Hakupiga kelele. Alizibeba kwenye khanga hadi kitandani alipolala mumewe. "Baba Rebeka, hizi ni nini?"

"Imeandikwa, mama. Nimesoma mwenyewe, ukutani."

"Imeandikwa wapi?"

Akamtajia kitabu, sura na mstari. Hivyo vitatu Mzee hakuwahi kuvisahau. Mama Wankyo akaitoa Biblia sandukuni, akaketi kando yake, akaanza kupekua. Alichukua muda mrefu. Akafika, akaweka kidole, akasoma kwa sauti. Kidole kilipofika pale ukuta ulipoishia, kikaendelea, maana mstari wenyewe unaendelea. Unasema wanaomhitaji tabibu ni wagonjwa.

Mzee akausogeza uso karibu na kile kidole. Kisha akasema, "Rudia."

Akarudia.

"Kumbe kulikuwa kunaendelea," Mzee akasema. "Nipe dawa, mama."

Alimpa. Asubuhi iliyofuata Mzee alikuwa haongei wala hamtambui mtu. Gari likakodiwa, Rebeka akaambiwa asubiri hospitalini. Alisubiri. Gari lilifika, baba yake hakufika.

Siku ya maziko mchungaji Ephraim ndiye aliyeongoza, simu mkononi. Akataja andiko, akafungua kinywa kulisoma.

"Bado, mtumishi."

Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke. Mama Wankyo alikuwa ameketi mkekani, karibu na jeneza, Biblia yenye jalada la kitenge mapajani, kidole kikitafuta. Hakuna aliyecheka. Mchungaji akashusha simu, akangoja, jasho likimtiririka mbele ya watu. Kurasa zikageuzwa moja moja.

"Nimefika," mama akasema. "Sasa soma. Na usiishie njiani."

Mama Wankyo, Rebeka, na ukoo wote wa Mwandu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Mzee wetu mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hebu inukeni mkaangalie. Biblia yako iko wapi sasa hivi? Juu ya kabati? Chini ya mablanketi? Itoe, uifute vumbi, ukae nayo. Jumapili nenda nayo, na kama hujafika, usione haya kusema.

Kwa sababu Jumapili inakuja, na ule ukuta kule Bunda utawashwa tena. Nimeuliza. Herufi ni zilezile, kubwa.