Mhariri wa Sindano na Sahihisho Lililobaki

Mchungaji Bartley, ndugu zangu, majirani wa hapa Highgate na wageni mliotoka Kingston, mimi ni Icilda Pottinger, dada mdogo wa marehemu, na wengi wenu niliwafundisha kusoma hapo shuleni ng'ambo ya barabara, kwa hiyo naomba mkae sawa na kunisikiliza. Nimewekewa kiti kwa ajili ya goti langu hili, nashukuru sana, lakini nitasoma nikiwa nimesimama, na sababu mtaijua kabla sijamaliza. Niseme mapema pia kwamba ratiba mliyopewa mlangoni ina kosa kwenye kipengele cha nne, na kwamba leo nimeshika karatasi hii kwa majonzi, lakini zaidi kwa aibu.

Marehemu Vinton Lascelles Pottinger alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, hapa hapa Highgate, St. Mary, akiwa mtoto wa pili wa Josiah Pottinger, mpakiaji wa ndizi, na Adina, aliyeuza pudini ya unga wa mahindi siku za soko, akabatizwa katika kanisa hili mwezi Mei mwaka huohuo, na mama alituambia kwamba alilia tangu maji yalipomgusa hadi baraka ya mwisho.

Alianza shule ya msingi Januari 1945, akamaliza Desemba 1953, akafaulu mtihani wa mwisho kwa alama ambazo mama alizitangaza sokoni mpaka wateja wakaanza kununua pudini kwa mwenzake ili wapate kupumua. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake, na mkono wake ulikuwa mwepesi na mtulivu, jambo lililompa kazi ya kwanza.

Februari 1954 alikwenda Kingston, akapanga chumba karibu na Orange Street, akaajiriwa na Bwana Clovis Hibbert, mwenye mitambo ya kupigia dansi iliyoitwa Radi, na kazi yake ilikuwa kukwangua kwa wembe maandishi yote kwenye lebo za santuri zilizotoka Amerika, jina la wimbo, jina la mwimbaji, kila kitu, ili wenye mitambo pinzani wakichungulia wasijue wimbo ule ni wa nani na wautafute wapi. Kaka alikwangua vizuri hata Hibbert akambatiza Wembe, na nyie wazee mliokaa kule nyuma, ambao tangu juzi mnagonga domino uani kwetu kama mnabomoa nyumba, najua bado mnamwita hivyo.

Mwaka 1959 aliingia kiwanda cha kuchapa santuri, mwaka 1963 akachukuliwa na Kampuni ya Bonito kuwa mtafuta waimbaji, na tarehe 1 Julai 1966, akiwa na miaka ishirini na minane, akawa meneja mkuu wa kampuni hiyo, mwenye ofisi, feni na katibu. Huko Bonito alitoa nyimbo nyingi, lakini uliomfanya ajulikane hadi Uingereza ulitoka Agosti 1968, nao ni "Mvua ya Jumanne", ulioimbwa, kama lebo inavyosema, na Paulette Voss. Wimbo huo mnaujua, mnaupiga harusini na misibani, na mimi mwenyewe niliwafundisha watoto wa darasa la nne kwa miaka mingi, nikiandika jina la Paulette ubaoni kwa herufi kubwa na kuwaambia huyo ni wifi yangu, na kila nikikumbuka chaki ile mkononi mwangu natamani ardhi inimeze.

Alifunga ndoa na Paulette huyo tarehe 26 Aprili 1969 jijini Kingston, wakabarikiwa kupata watoto wawili, Garfield, aliyezaliwa mwaka 1970, na Sonia Mae, aliyezaliwa mwaka 1973, na wote wawili wako mbele yenu hapa. Paulette hakuimba tena hadharani baada ya ndoa, sisi tukasema ni heshima ya mke wa mtu, wengine wakasema koo lake liliharibika, na yeye mwenyewe alikuwa akitabasamu tu na kuondoka kwenda kukoroga chungu.

Machi 1971 kaka aliacha Bonito, akaanzisha gazeti la kila wiki la wenye biashara ya muziki, akaliita Sindano, kwa sindano ya gramafoni, likasomwa na wenye maduka ya santuri, watangazaji wa redio, maprodyuza na kila mwanamuziki aliyetaka kujua wimbo wake umepanda au umeshuka. Kijana aliyeishi kwa kukwangua majina sasa aliyachapa yote, ya mwimbaji, mpiga besi, mpiga ngoma, hata mtu aliyekwaruza kikwaruzo cha jikoni kama ala nyuma ya studio, naye aliwaambia waandishi wake, "Mtu akikufutia jina lako, amekuibia mchana kweupe." Na gazeti likikosea, kosa halikufichwa ndani karibu na matangazo ya spika, liliwekwa ukurasa wa kwanza, juu, chini ya neno Tulikosea, na aliyekosea alitakiwa kusimama pale ofisini mbele ya wenzake mpaka sahihisho lisomwe lote. Siku moja yeye mwenyewe alikosea jina la ukoo la mpiga ngoma, akasimama kama mtoto wa shule, mikono nyuma, na sifa yake ikaenea kisiwa kizima, na mimi nikatembea na gazeti hilo kwenye mkoba nikiwaonyesha watu. Sindano lilifungwa Desemba 1999, na kwa miaka yote hiyo halikuacha kusahihisha, isipokuwa jambo moja.

Tarehe 3 Juni 2011 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, tukamrudisha hapa Highgate nyumbani kwa wazazi, na wauguzi waliokuja kumhudumia watakumbuka kwamba alipenda redio asubuhi mpaka jioni, ila "Mvua ya Jumanne" ikianza tu alipiga kitanda kwa mkono wa kushoto na kusema, "Zima! Zima hiyo!" Tulidhani ameuchoka. Hali ilibadilika mwezi uliopita, akapelekwa hospitali Kingston, akafariki dunia tarehe 18 Oktoba 2012, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Hapo historia ingeishia, na ratiba yenu ingekuwa sahihi, kama si juzi Alhamisi mchana, tulipokuwa uani tukipika mbuzi wa mchuzi, na majirani wakaanza kumwomba mjane, "Miss Paulette, tuimbie japo ubeti mmoja, ni Mista Vin anaondoka bwana!" Paulette akainamisha kichwa. Watu wakazidi, domino zikasimama, na kule penye karai la kuoshea mchele, Merdelle Gooden wa kwaya yetu, ambaye mnamjua nyote, nadhani kwa kumhurumia mwenzake, akaanza ubeti wa "Mvua ya Jumanne" polepole bila kuinua macho. Bwana Alphanso, muuza santuri wa zamani, akaweka gilasi chini akasema, "Ngoja. Ngoja kwanza. Hiyo sauti ndiyo iliyoko kwenye santuri, mimi nimeiuza mwaka mzima, siwezi kuikosea." Merdelle akajibu, "Kunywa gilasi yako huko, Alphanso," lakini alikuwa analia, na Paulette naye alikuwa analia, na mwalimu wenu nikasimama na mwiko mkononi.

Walituambia wote wawili, kila mmoja akimsaidia mwenzake kukumbuka. Mwaka ule wa 1968 Merdelle alikuwa mpishi wa kantini ya studio ya Bonito, ana miaka ishirini na miwili, na siku ya kurekodi Paulette aliamka hana sauti kabisa, wakati majalada yenye picha yake yalikwisha kuchapwa na Uingereza wanasubiri, basi kaka, aliyekuwa akimsikia Merdelle akiimba jikoni, akamwita aimbe ili wapiga vyombo wasipoteze siku, akisema Paulette atauimba upya wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika, santuri ilikuwa imekwisha kutoka na kupendwa, na jina lililobaki ni la kwenye jalada. Mwaka 1974, aliposikia sifa za Tulikosea, Merdelle alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisi za Sindano, akakaa kwenye benchi, na kaka akamnunulia sambusa ya nyama na juisi, akamwambia kwa upole sana, "Wiki ijayo, Merdelle." Alikwenda tena, akaambiwa wiki ijayo, akarudi Highgate akaingia kwaya. Nilimuuliza mbona hakumshitaki kwa yeyote, akanijibu, "Kwa nani, Mwalimu? Mwenye gazeti la kusahihisha ndiye huyohuyo aliyenikosea." Ameimba nyuma ya mgongo wangu kanisani humu miaka thelathini na zaidi, na mimi nilikuwa namwambia apunguze sauti.

Jana familia ilikaa, wengi wakasema wimbo uondolewe kwenye ratiba na mambo yaishe, nami niliposema tusome sahihisho mbele yenu, Garfield akaniambia, "Shangazi, baba yuko kwenye jeneza, unataka kumzika mara mbili?" Simlaumu, ni baba yake, na nilikuwa nimekubali, kwa sababu nami nampenda kaka yangu na sikutaka asemwe. Lakini leo asubuhi, nilipokuwa namfunga vifungo vya gauni, Paulette alinishika mkono akaniambia, "Lisome sahihisho, wifi. Vin aliogopa kuniaibisha mimi, na mimi nimekaa kwenye kiti cha mtu miaka arobaini na minne, nimechoka kukikalia."

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, majirani mliobeba kuni, maji na viti, wana Sindano na wana Bonito mliosafiri kutoka Kingston, wachimba kaburi, na wapishi wetu wote, na kwa heshima ya pekee aliyeosha mchele. Nilimwomba yeye mwenyewe auimbe wimbo leo, akakataa, akasema, "Nimeimba sana kwa jina la mtu, Mwalimu. Leo nataka nikae kitako, nisikilize langu likitajwa."

Tulikosea. Katika ratiba ya leo, kipengele cha nne, na katika kila santuri ya "Mvua ya Jumanne" iliyochapwa tangu Agosti 1968, na katika kila toleo la gazeti la Sindano lililoutaja wimbo huo, imeandikwa kwamba mwimbaji ni Paulette Voss. Mwimbaji ni Merdelle Gooden, wa hapa Highgate.

Kwa desturi ya Sindano aliyekosea husimama mpaka sahihisho lisomwe lote, na kaka yangu leo hawezi, kwa hiyo nimemsimamia mimi. Limesomwa lote, Vin. Sasa pumzika, na amani iwe kwako.