Usimkimbilie: Kumuaga Kocha Verlin Kudrna

Kocha Verlin Kudrna amekufa. Amekufa Jumanne asubuhi jikoni kwake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Karatasi hii ilikuwa ya kumuaga akistaafu. Amefundisha ulinzi wa timu ya mpira wa Kimarekani hapa Chuo cha Weller miaka thelathini na moja, na leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Ukumbi tulishaupamba. Supu ya nyama na maharage ilishaagizwa, na mikate ya mdalasini. Mke wake, Mama Lorna, kasema chakula kisiharibike, watu waje, na karatasi isomwe. Basi naisoma.

Mimi ni Emmet, mtunza uwanja. Nakata nyasi, nachora mistari. Kocha alipoulizwa nani amwandikie, alisema, "Mpeni Emmet. Hao wengine watanifanya malaika, halafu Lorna atacheka mbele za watu." Shule sikwenda sana. Nitasema nilichokiona.

Mwaka aliokuja tulikuwa tunafungwa na kila mtu, hata timu tulizozialika makusudi ili tuzifunge. Yeye alikulia kwenye ng'ombe na nguruwe, huko magharibi ya Nebraska ambako hata mti ni habari. Siku ya kwanza ya mazoezi akaja na mtoto wa nguruwe kwenye gari. Akamwachia katikati ya uwanja wangu. Akawaambia vijana, "Mkamateni."

Walikimbia mpaka wakatapika. Nguruwe akawa anawapita katikati ya miguu. Kocha amekaa juu ya ndoo, anakula tufaha.

Halafu akasimama. Akawapanga duara, mikono wazi, hatua fupi. "Usimkimbilie. Ukimkimbilia umemfungulia mlango. Mzibie tu. Achoke yeye." Wakasogea polepole. Nguruwe akageuka huku, akageuka kule, akalala mwenyewe.

Huo ndio ulikuwa ulinzi wake wote. Kila Agosti, nguruwe. Miaka yote hiyo mimi ndiye nazoa mavi.

Sasa Jumamosi iliyopita. Mlikuwepo, lakini nitasema.

Mchezo wake wa mwisho ulikuwa na Sand Hollow. Wana yule mrushaji wao, Jory Maddox, mwaka wa kwanza, mtoto kabisa. Mrushaji ndiye anashika mpira kila shambulio, anaamua aurushe au akimbie nao. Wengi wanaweza moja. Huyu anaweza yote mawili. Timu zote zilituma watu wengi kumvamia, na timu zote alizipita, akawaacha wamelala chini wanaangaliana.

Kocha akaenda kumleta nguruwe, Novemba, baridi ile. Vijana wakamwita nguruwe Jory.

"Kocha, huyu ana mbio kuliko yule wa Agosti!"

"Na ana sura nzuri kuliko wewe. Panga duara."

Mpango ulikuwa hivi. Wanne wa mbele wasimvamie, wamzibie tu, asitoke pembeni. Nyuma yao mtu mmoja wa kumfuata kama kivuli. Maddox akienda kushoto, naye kushoto. Akisimama, naye asimame. Asimguse mpaka Maddox atoke mbio mwenyewe. Kazi hiyo akapewa Colby Havranek.

Colby alimuuliza, "Nikimwona mgongo, Kocha, niende?"

"Ukimwona mgongo, kaa."

"Na akiwa peke yake?"

"Kaa, Colby. Mama yako alikuzaa una miguu mizito. Itumie."

Vijana wakacheka. Colby naye akacheka. Alimpenda sana yule mzee.

Jumamosi mpango ulifanya kazi. Maddox hakupata mahali pa kupita. Anageuka huku, ukuta. Anageuka kule, Colby. Anarusha mpira kwa hasira, unaanguka nyasini. Watu wa Sand Hollow walikuwa wanapiga kelele, "Mvamieni basi, waoga nyie!" Wanatukana ulinzi wetu kwa sababu haumkimbilii mtu. Kocha alifurahi mpaka akavua kofia.

Tulikuwa mbele pointi nne. Likabaki shambulio moja tu. Maddox asipofika mstari wa mwisho, tumeshinda.

Mimi nilikuwa kwenye kona, na kigari changu cha kuchorea mistari. Niliona. Maddox akarudi nyuma, akatafuta wa kumrushia, hakuna. Akageuka, akampa Colby mgongo. Colby alikuwa pale pale alipotakiwa.

Akaenda.

Hakuwa mjinga, na hakutaka sifa. Baadaye nikaambiwa vijana walikubaliana usiku wa kuamkia mchezo kwamba mpira wa mchezo wa mwisho lazima mmoja wao aupate, aupeleke kwa mzee mkononi. Zawadi ya kustaafu. Colby akaufuata mpira ili ampe.

Maddox akainamisha bega moja. Colby akapita juu yake. Mahali alipoacha pakawa wazi, na Maddox akatokea hapo hapo, hakuna mtu, mpaka kwenye kona yangu. Alama ya kiatu chake ilibaki kwenye mstari mweupe.

Mzee akavaa kofia.

Jumatatu alikuja uwanjani peke yake. Akaniuliza Colby alikuwa amesimama wapi. Nikamwonyesha. Akasimama hapo, upepo unampiga.

"Alitaka kunipa mpira, Emmet. Mimi sikuutaka mpira. Nilitaka akae hapa."

"Najua, Kocha."

"Miaka yote hiyo. Halafu mtu anakupenda, anasahau yote uliyomfundisha."

Nikamuuliza, "Umeongea naye?"

"Mwache alie kwanza. Kesho namwita."

Kesho yake ndiyo Jumanne.

Sijui angemwambia nini. Sikuuliza. Nilidhani kuna kesho. Wengine watasema mzee alikuwa ameshamsamehe. Mimi sijui, na sitadanganya mbele ya jeneza lake hili hapa ukumbini. Hasira alikuwa nayo. Hasira ilikuwa kama ya baba aliyevunjiwa kikombe, lakini ilikuwepo.

Colby ametoa vitu vyake kabatini. Harudi mazoezini, hali chakula. Anasema amemuua. Colby, umekaa kule nyuma karibu na mlango, nakuona. Moyo wa mzee ulikuwa mbovu tangu mwaka jana. Mama Lorna alijua, daktari alijua, na mimi nilijua kwa sababu alikuwa anasimama kupumzika kila akimaliza ngazi. Hukumuua. Ila najua hilo halikusaidii.

Mke wangu Arlis alipokufa, watu walileta vyakula na maneno. Kocha hakuleta kitu. Alikaa kwenye ngazi yangu, akasema, "Kesho njoo kazini." Nikamchukia. Kesho yake nilienda. Sikupona. Mpaka leo sijapona. Lakini mistari ilichorwa.

Mwisho wa karatasi kama hii mtu hutakiwa maisha mema huko aendako. Alikuwa anunue mashua ndogo, avue samaki na Lorna. Sina cha kumtakia. Ahsante, Kocha, kwa kazi. Uwanja ulikuwa wako kuliko wangu.

Ile alama ya kiatu bado ipo kwenye kona. Nimeshindwa kuifuta wiki nzima, na ni kazi ya kupitisha brashi ya rangi mara moja. Colby, lango la kaskazini huwa nalifungua mapema.

Kesho ni Jumapili, na nyasi za Novemba si za kukata. Kesho narudi kazini.